Mkongwe Kikosini Si Lazima Awazibie Vijana

Vijiweni utasikia: "Mzee yule auzwe, anawabania vijana namba." Hoja tamu, lakini imekosea pa kulaumu. Kinachomdumaza chipukizi ni kukosa dakika, na dakika anazigawa kocha.

Tazama Real Madrid, Aprili 12, 2022. Ni marudiano ya robo fainali ya Ligi ya Mabingwa Ulaya, Chelsea wanaongoza 2-0 Bernabéu. Kocha Ancelotti anamtoa Toni Kroos, anamwingiza Camavinga wa miaka 19; Chelsea wanafunga la tatu, kisha anaingia Rodrygo wa miaka 21. Kiungo mkongwe Luka Modrić, 36, anabaki. Dakika ya 80 anaukata mpira kwa nje ya mguu wa kulia, unapita juu ya mabeki wote, Rodrygo anaupiga bila kuutuliza. Goli! (Pasi ile mimi bado nairudia.) Madrid wakavuka kwa jumla ya 5-4 katika mechi mbili.

Nani alimbania nani hapo?

Kazi ngumu ilikuja baadaye: kumweka gwiji benchi. Msimu wa 2023/24 Modrić alianzia nje mara nyingi, Valverde, Camavinga na Tchouaméni wakicheza. Mkataba wake ukawa wa mwaka mmoja mmoja, hadi alipoondoka 2025. Fainali ya Ligi ya Mabingwa Wembley 2024 aliingia dakika za lalasalama, akampokea Kroos.