Je, wajua kwa nini kanzu nyeupe humfanya mvaaji atoke giza usoni kwenye picha?

Mzee amekaa barazani, kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, kofia ya viua kichwani. Ukimtazama kwa macho unaona kila kitu: mikunjo pembeni mwa macho, mvi za ndevuni, kovu dogo juu ya nyusi. Picha inapigwa. Kanzu imetoka vizuri, hata darizi za shingoni zinahesabika, lakini uso umekuwa kivuli chenye meno. Wengi huilaumu kamera kwamba ni ya bei rahisi, na wengine husema jambo baya zaidi: kwamba mzee ni mweusi mno. Yote mawili si kweli. Kamera imefanya hesabu, ikakosea, na hesabu hiyo hurekebishwa kwa sekunde chache tu.

Ndani ya kila kamera ya siku hizi, iwe ya simu au ya mtaalamu, mna kipima mwanga. Kipima hiki hakijui kanzu wala uso. Kinajua tu ni mwanga kiasi gani unarudi kutoka kwenye kilicho mbele yake. Kimeundwa juu ya dhana moja: kwamba mandhari yoyote, ukichanganya vyeupe na vyeusi vyake vyote, hufikia kijivu cha kati, rangi inayorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Kwa picha ya mtaa wenye miti, kuta na watu, dhana hiyo haiko mbali na ukweli. Kanzu safi, lakini, hurudisha zaidi ya asilimia 80. Ikijaza nusu ya fremu, kipima huona mwanga umezidi, kikaupunguza mpaka kanzu ikaribie kijivu. Uso, ambao tangu mwanzo ulikuwa unarudisha mwanga mdogo, huburutwa chini pamoja nayo.

Kinyume chake pia hutokea. Mvishe mzee huyohuyo koti jeusi, msimamishe mbele ya mlango wa giza, na kamera itaongeza mwanga kupita kiasi. Hapo ngozi hutoka na rangi ya majivu. Ile hudhurungi yenye joto hupotea. Kamera za siku hizi hutafuta nyuso na kuzipa uzito katika hesabu, lakini uso ukiwa umeinama au uko kivulini, mara nyingi hauonekani kwa kamera na hesabu hurudi palepale.

Wapiga picha hupima mwanga kwa stopu. Kuongeza stopu moja ni kuzidisha mwanga mara mbili. Kupunguza stopu moja ni kuugawa nusu. Ngozi nyeupe sana hukaa karibu stopu moja juu ya kijivu cha kati. Ngozi nyeusi sana hukaa stopu moja hadi mbili chini yake, na watu wengi wa Afrika Mashariki wako mahali fulani katikati. Kutokana na hapo kuna njia mbili za kurekebisha, na ni muhimu kutozichanganya. Ukiiacha kamera ipime fremu yote na kanzu imetawala, ongeza stopu 1 hadi 1.7. Lakini ukiiweka kamera ipime nukta moja tu, ukailenga kwenye shavu lililo upande wa mwanga, fanya kinyume: punguza kati ya 0.7 na 1.3, kwa sababu sasa kamera inataka kuligeuza shavu kuwa kijivu. Njia ya pili ndiyo ya kutegemewa zaidi, maana haijali mtu amevaa nini.

Kwenye simu, bonyeza usoni na ushikilie kidole mpaka alama ya kufunga itokee, kisha telezesha kidole kubadili mwanga. Ukibonyeza hivyo simu nyingi hung'arisha uso kupita kiasi. Telezesha chini kidogo hadi rangi ya shavu ilingane na ile unayoiona kwa macho yako. Usipofunga, mzee akigeuza shingo tu simu inaanza hesabu upya.

Tatizo hili lina historia, na historia hiyo inauma. Kuanzia miaka ya 1950, maabara za kusafisha picha za rangi zilisawazisha mashine zao kwa kadi kutoka Kodak, kampuni ya filamu za picha, yenye picha ya mwanamke mweupe. Kadi hizo zilijulikana kama kadi za Shirley, kwa jina la mwanamke wa kwanza kupigwa picha ile. Ngozi yake ikitoka sawa, mashine ilihesabiwa kuwa sawa. Kwenye picha ya darasa lenye watoto weupe na weusi, weusi walionekana macho na meno tu. Kwa maelezo ya watu waliokuwa wakifanya kazi Kodak, malalamiko yaliyosukuma filamu zirekebishwe yalitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani, waliotaka rangi za kahawia zitofautiane. Kadi yenye wanawake watatu, mweupe, mweusi na wa Asia, ilikuja katikati ya miaka ya 1990. Mwaka 2021 Google ilitangaza marekebisho ya kamera za simu zake yaliyolenga ngozi nyeusi waziwazi. Ni miongo mingi mno kwa jambo ambalo fundi picha yeyote wa Bamako, Mali, au Mombasa aliliona kila siku dukani kwake.

Hata hivyo, picha iliyopimwa sawasawa bado inaweza kushindwa, na hapa ndipo penye utamu wa kazi yenyewe. Uso mweupe huchorwa zaidi na vivuli: upande mmoja unang'aa, mwingine unafifia. Uso mweusi huchorwa zaidi na mng'ao, kama mpingo uliopigwa msasa. Ule mstari wa mwanga kwenye paji, juu ya mfupa wa shavu, ubavuni mwa pua na kwenye taya ndio unaomwonyesha mtazamaji umbo la uso. Kwa hiyo kabla ya kujiuliza mwanga unatosha au hautoshi, jiulize uso huu unaakisi nini. Flashi ya simu ni nukta ndogo. Huacha doa jeupe puani na kwenye paji, na kwingine kote hakuna kitu. Dirisha au mlango ni mwanga mpana, na mng'ao wake huwa utepe laini unaofuata mfupa.

Ndiyo maana mlango wa duka, karakana au darasa ni studio bora kuliko flashi ya bei mbaya. Msimamishe mtu ndani, nusu mita hadi mita moja nyuma ya mstari unapoanzia kivuli. Mgeuze mwili digrii 45 kutoka mlangoni, kisha mwambie arudishe uso kidogo kuelekea nje. Zima taa zote za ndani: balbu ya manjano upande mmoja na mwanga wa mchana upande wa pili humpa mtu mashavu ya rangi mbili, na hakuna programu itakayoyapatanisha vizuri. Upande wa kivuli shikiza shuka nyeupe, karatasi ya manila au ubao wa styrofoam, karibu sentimita 60 hadi 80 kutoka usoni. Usiuweke tu na kuondoka. Uzungushe polepole ukitazama taya. Mng'ao mwembamba ukitokea kwenye ukingo wake, hapo ndipo pake. Ukuta wa nyuma uwe mita moja na nusu au zaidi kutoka mgongoni, na usiwe mweusi kama nywele, la sivyo kichwa humezwa. Rangi ya mchanga hufaa sana.

Angalia pia mwanga umepita wapi kabla ya kufika. Udongo mwekundu ulio nje ya mlango hupaka kidevu wekundu. Ukuta wa kijani humfanya mtu aonekane mgonjwa. Adui mkubwa zaidi ni turubai la bluu la sokoni: chini yake ngozi ya kahawia hugeuka zambarau iliyofifia. Mwombe mama muuza nyanya asogee hatua mbili hadi ukingo wa turubai, uso wake utazame nje.

Jua la utosini ni habari nyingine. Karibu na ikweta, jua la saa sita mchana hupita juu kabisa, likatia mashimo meusi machoni na kivuli chini ya pua. Piga kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni. Jioni yenyewe usiitegemee sana: huku jua hushuka karibu wima, na ule mwanga wa dhahabu hudumu takriban nusu saa. Ikibidi saa sita, tafuta kivuli cha wazi, yaani kivuli kinachotazamana na anga kubwa au ukuta mweupe unaopigwa na jua. Kivuli cha mwembe hakifai; majani hupitisha madoa ya jua usoni.

Mwaka 1950 jijini Paris, mpiga picha Mmarekani Irving Penn aliwapiga picha wachinjaji, wauza samaki na mafundi wa mitaani mbele ya pazia kuukuu la ukumbi wa michezo, kwa mwanga wa asili uleule aliowapigia wanamitindo. Mpiga picha wa Mali, Seydou Keïta, aliyefungua studio yake Bamako mwaka 1948, aliwaketisha wateja wake wengi uani, mchana, mbele ya vitambaa vya maua, na ngozi zao kwenye picha hizo za nyeusi na nyeupe bado zina kina. Mhariri wa makala ya watu wa kila tabaka ana la kujifunza hapo. Mkurugenzi akipigwa dirishani kwa utulivu na mama ntilie akapigwa juani akiwa amekunja uso, msomaji ameshaambiwa nani ana thamani zaidi, kabla hajasoma neno moja.

Watu wawili wenye ngozi tofauti katika fremu moja? Mweke mweusi zaidi karibu na mwanga. Kwa taa ndogo, mtu aliye mita 1.4 kutoka kwenye taa hupata nusu ya mwanga wa aliye mita 1, yaani tofauti ya stopu nzima. Kwa dirisha kubwa mwanga hupungua polepole zaidi, kwa hiyo watenganishe zaidi kidogo. Pima shavu la mweusi, kisha hakikisha paji la mwenzake halijaungua, yaani halijawa jeupe tupu.

Jasho lipanguse kwa tishu, kwa kugusa tu bila kusugua. Poda iwe ya mwisho kabisa: nyingi zina madini meupe yanayorudisha flashi, na mtu hutoka kama amemwagiwa unga. Mafuta kidogo sana ya kujipaka, juu ya mashavu, husaidia ule mng'ao ulioelezwa hapo juu.

Umbali: mita moja na nusu hadi mbili. Ukikaribia hadi sentimita 30, pua iko karibu nawe kuliko masikio kwa zaidi ya robo ya umbali wote, nayo hutoka kubwa kuliko ilivyo. Rudi nyuma, tumia lenzi ya milimita 85 au lenzi ya kuvuta ya simu. Tundu la lenzi f/4, kasi isiyopungua 1/125 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ipande hadi 800 kama inabidi. Usiogope kuipandisha. Uso mweusi uliopigwa giza kisha ukang'arishwa kwenye kompyuta hujaa chembechembe, kwa sababu taarifa za mwanga zilikuwa chache tangu mwanzo; ISO ya juu yenye mwanga sahihi hutoka safi zaidi. Hifadhi faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata, na acha filta za kulainisha: huufuta mng'ao, na pamoja nao umbo.

Kwa picha ya gazeti kuna hatua moja zaidi ambayo vijana wa simu hawajui. Karatasi ya gazeti hunyonya wino na nukta hutanuka: nukta iliyotakiwa kufunika nusu ya eneo huishia kufunika karibu robo tatu. Sehemu inayoumia zaidi ni rangi za kati na za chini, ambamo ndimo uso wa mzee wetu ulimo. Picha iliyopendeza kwenye skrini hutoka giza tena, kana kwamba kazi yote ya mlangoni haikufanyika. Kabla ya kuituma, pandisha rangi za kati hadi kwenye skrini uso uonekane mweupe kidogo kuliko unavyopenda, uache weusi wa mboni na ndevu chini kabisa ulipo, kisha omba nakala ya majaribio kwenye karatasi ileile itakayochapiwa.