Biodizeli na mafuta ya kupikia: ni kipi hasa kinachoweza kuingia kwenye injini ya dizeli?

Injini ya dizeli haina plagi ya kutoa cheche. Pistoni inaibana hewa ndani ya silinda mpaka hewa inapata moto mkali, kisha nozeli inapuliza mafuta laini kama ukungu, nayo yanawaka yenyewe. Kwa hiyo mafuta yoyote yanayoweza kupulizwa hivyo na kuwaka kwa joto hilo yataizungusha injini, hata ya karanga. Katika Maonyesho ya Paris ya mwaka 1900, kampuni ya Otto iliendesha injini ndogo ya dizeli kwa mafuta ya karanga. Rudolf Diesel mwenyewe alieleza baadaye kwamba serikali ya Ufaransa ndiyo iliyotaka jaribio lile, ikifikiria makoloni yake ya Afrika ambako karanga zilikuwa tele.

Siku hizi watu husema "gari linatumia mafuta ya mimea" wakimaanisha vitu viwili tofauti, na kuvichanganya kumeua injini nyingi.

Cha kwanza ni mafuta yenyewe, kama yalivyotoka kwenye kinu. Tatizo lake ni uzito, si wa kilo bali wa kutiririka. Katika nyuzi joto 40, mafuta ya alizeti ni mazito kuliko dizeli kwa takriban mara kumi. Nozeli inashindwa kuyafanya ukungu. Inatoa matone makubwa yasiyoungua yote. Masizi yanagandamana kwenye ncha ya nozeli, ringi za pistoni zinakwama, na mafuta mabichi yanapenya chini kwenye oili, ambayo polepole inakuwa nzito kama uji. Kinachoponza watu ni kwamba siku ya kwanza hakuna dalili yoyote. Gari linawaka, linavuta vizuri, moshi unanukia chipsi, na mwenye gari anarudi dukani kununua dumu la pili. Gharama inakuja baadaye, injini ikiwa imekwisha kufunguliwa mezani kwa fundi.

Dawa mojawapo ni joto. Yakipashwa hadi nyuzi 70 au 80, mafuta hulegea sana. Ndiyo sababu waliobadilisha magari yao hufunga tangi mbili: injini inawashwa kwa dizeli, ikishapata moto inahamishiwa kwenye mafuta yanayopashwa na maji ya rejeta, na kabla ya kuzima inarudishwa kwenye dizeli ili mabomba yasibaki na mafuta mazito. Injini za kizamani zinazozunguka polepole, kama za Lister zilizoendesha mashine nyingi za kusaga, huvumilia zaidi. Injini za kisasa zenye nozeli za kompyuta hazivumilii, na sishauri mtu ajaribu.

Cha pili ndicho biodizeli. Hapa mafuta yamebadilishwa kikemia. Kila molekuli ya mafuta ni asidi tatu zilizoshikamana na gliserini. Ukichanganya mafuta na metanoli (aina ya alkoholi) pamoja na kostiki soda kidogo, ileile ya watengeneza sabuni, asidi zinaachana na gliserini na kushika metanoli. Gliserini inazama chini. Juu kinabaki kimiminika chepesi kinachokaribia dizeli. Mwaka 1937, G. Chavanne wa Chuo Kikuu cha Brussels alipewa hataza (haki ya mvumbuzi) ya njia ya namna hii kwa mafuta ya mawese, enzi ambazo Ubelgiji iliitawala Kongo na michikichi yake. Mwaka uliofuata basi la abiria liliendeshwa kwa mafuta hayo kati ya Brussels na Louvain.

Kwangu, kuchoma mafuta safi ya kula wakati Tanzania bado inaagiza sehemu kubwa ya mafuta hayo kutoka nje ni kumnyang'anya mtu mboga yake. Mbono (jatrofa), ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, ulisifiwa kwa kuwa hauliwi na unastahimili ukame. Kustahimili unastahimili kweli, lakini kwenye ardhi kavu mbegu zake ni chache. Ninachokiamini ni mafuta yaliyokwisha kukaanga chipsi na samaki. Hayo nayo yana kazi: yachujwe, yakaushwe maji yote na kupimwa asidi kwanza, la sivyo utapata sabuni badala ya mafuta. Na metanoli ni sumu, mvuke wake hushika moto upesi, na ikinywewa hupofusha macho. Isifanyiwe kazi jikoni wala karibu na watoto.

Gari la zamani likiwekwa biodizeli kwa mara ya kwanza, huyeyusha uchafu uliolala tangini miaka yote na kuupeleka kwenye filta. Uwe na filta ya akiba, na uangalie mipira ya mafuta, kwa sababu mpira wa asili hulainika na kuanza kuvuja.