Mwanaume kuvaa kanga stejini sio lazima watu wacheke

Huku kwetu Moshi, ukimpa kijana wa kiume uhusika wa mama, cha kwanza anatafuta kanga na kitu cha kujazia kifuani. Simlaumu, vichekesho ndo vimetuzoesha hivyo, jamaa anabana sauti, anakata kiuno, watu hoi. Ila kwenye historia ya tamthilia hiyo ni njia moja tu na wala sio ile kubwa.

London ya Shakespeare, kwenye steji za kulipia, wanawake hawakuwa wanaigiza, uhusika wao walipewa wavulana, na Juliet, yule binti wa Romeo na Juliet, akifa ulitakiwa ulie sio ucheke. Waandishi wenyewe wakawa wanacheza na hilo. Mchukue Portia wa Mabepari wa Venisi, ile aliyoitafsiri Mwalimu Nyerere: mvulana anaigiza mwanamke, halafu huyo mwanamke anajifanya mwanasheria wa kiume ili aingie mahakamani! Mtazamaji anakubali vyote viwili kwa mpigo.

Majumba ya maigizo ya London yalifungwa 1642, yakaja kufunguliwa 1660, na Desemba mwaka huohuo mwanamke akapanda stejini kama Desdemona, mke wa Othello kwenye tamthilia ya Shakespeare. Edward Kynaston, aliyekuwa anasifiwa kwa urembo akiigiza wanawake, ikabidi ahamie uhusika wa kiume.

Japani ndo kuna utamu zaidi. Kabuki, tamthilia yao ya jadi yenye ngoma na uigizaji, ilianzishwa na mwanamke, Okuni, pale Kyoto, serikali ikaja kuwapiga marufuku wanawake 1629 eti maadili, wakaingia vijana wa kiume, nao wakapigwa marufuku 1652, kwahiyo wakabaki wanaume wazima na mabega yao mapana na ikabidi watafute ufundi wa kuigiza wanawake. Wanaitwa onnagata. Anabana mifupa ya mabega kwa nyuma ili mabega yashuke, magoti yanagusana na kukunjwa kidogo, anaonekana mdogo. Hii naifundisha mazoezini: vua kanga kwanza, tembea mpaka kwenye kiti, kaa, mimina chai. Mikono ndo inaumbua watu, sio sauti.

Wanawake nao wamecheza wanaume kitambo, Charlotte Cushman alikuwa Romeo London 1845 na Juliet akawa mdogo wake wa damu, Sarah Bernhardt akacheza Hamlet, yule mwanamfalme wa Shakespeare, 1899 akiwa ameshavuka hamsini. Kwetu bado naona madirekta wanaogopa kumpa dada uhusika wa chifu, wakati kwenye vikundi vingi nilivyofanya navyo kazi mabinti ndo wanaowahi mazoezini na skripti imejaa wazee wa kiume.