Furosemaidi Pekee Haitoshi

Wagonjwa wengi wanaoletwa kwangu hapa Nairobi, moyo wao ukiwa umeshindwa kusukuma damu ipasavyo, huwa wamekwisha kuanzishiwa furosemaidi, dawa ya kutoa maji mwilini, katika kituo cha afya, na wengine wameimeza kwa miezi bila kuongezewa dawa nyingine. Sishangai, kwa sababu matokeo yake huonekana upesi: mkojo huongezeka, miguu hunywea, na mtu aliyekuwa akilalia mito mitatu ili aweze kupumua hurudi kwenye mmoja. Hata hivyo, nafuu hiyo haijathibitishwa kurefusha maisha.

Dawa zilizothibitishwa ni enalaprili na jamaa zake, kavedilolo au bisoprololo, spironolaktoni, na dapagliflozini, ambayo ilianza kama dawa ya kisukari. Utafiti wa RALES, uliochapishwa mwaka 1999, ulionyesha kwamba spironolaktoni ilipunguza vifo kwa asilimia 30 miongoni mwa wagonjwa waliokuwa na hali mbaya, na hicho ni kidonge cha bei nafuu.

Ugumu hasa uko katika kupandisha vipimo vya dawa. Kavedilolo huanza kwa miligramu 3.125 mara mbili kwa siku, maji yakishapungua mwilini, kisha huongezwa maradufu kila baada ya wiki mbili hadi miligramu 25 mara mbili, mgonjwa akiistahimili. Kadi nyingi ninazosoma zimebaki pale pa kuanzia, mara nyingi kwa hofu ya presha iliyoshuka. Kwa maoni yangu, namba ya juu ya presha ikiwa 100 na mgonjwa hana kizunguzungu, hiyo si sababu ya kusita.

Tahadhari ninayoisisitiza zaidi ni damu ipimwe figo na potasiamu kabla ya kuanza enalaprili au spironolaktoni, na tena wiki moja au mbili baadaye. Mwanamke anayeweza kushika mimba aulizwe kwanza, kwa kuwa enalaprili humdhuru mtoto tumboni.

Mwulize mgonjwa pia habari za dawa anazonunua kwa kemisti. "Mama, magoti yakiuma unameza nini?" Jibu likiwa diklofenaki, umepata sababu mojawapo ya miguu kuvimba upya, kwani dawa hiyo huzuia chumvi na maji yasitoke na huidhuru figo.

Mwenye mizani nyumbani ajipime kila asubuhi baada ya kwenda haja, kabla ya chai, na arudi kituoni akiongezeka kilo 2 ndani ya siku tatu. Asiye na mizani abonyeze muundi kwa kidole gumba. Shimo likibaki, naye arudi bila kungojea tarehe ya kliniki.