Simon Belmont na kijana aliyekwisha kumaliza gemu: ugomvi wa wasomaji juu ya riwaya ya Castlevania II

Riwaya iliyotokana na gemu ya Castlevania II: Simon's Quest ina wasomaji wa aina mbili ambao hawapatani kabisa. Aliyeisoma akiwa mtoto anaitaja kwa mapenzi, hata kurasa anazikumbuka. Aliyeisoma ukubwani, baada ya kuicheza gemu yenyewe hadi mwisho, anaiweka chini kwa hasira na kusema hadithi yake imeharibiwa. Mimi nahariri hadithi za vijana, na riwaya zinazotokana na gemu nimezifuatilia kwa muda mrefu, kwa hiyo mabishano haya nayachukulia kwa uzito. Naona pande zote mbili zimegusa jambo la kweli. Ila lawama kubwa kuliko zote imeelekezwa mahali pasipo.

Tuanze na gemu, maana bila hiyo kitabu hakieleweki. Konami waliitoa Japani mwaka 1987, ikafika Marekani mwishoni mwa 1988 kwa ajili ya mashine ya Nintendo. Simon Belmont, mwindaji wa wanyonya damu, alikwisha kumwangusha Dracula katika gemu ya kwanza, lakini alitoka na laana ambayo sasa inammaliza taratibu. Ili apone inabidi azunguke Transylvania kukusanya mabaki ya Dracula: ubavu, moyo, jicho, ukucha na pete. Kisha ayapeleke ngomeni, amwamshe adui yule yule na kumuua upya. Sisi tuliokulia hadithi za mumiani tumezoea mnyonya damu anayechukua damu akaenda zake. Dracula ni wa namna nyingine. Huyu anaacha kitu chake ndani ya mwili wa mtu, na kitu hicho kinaendelea kula hata yeye mwenyewe akiwa amekufa.

Wachezaji wanaikumbuka gemu hii kwa sababu ya usiku wake. Unatembea mchana, mara kila kitu kinasimama, sanduku la maandishi linatokea likikuarifu kwamba usiku wa kutisha umeingia, usiku mbaya kwa mwenye laana. Rangi zinageuka. Maadui uliokuwa ukiwamaliza kwa mapigo machache sasa wanataka mara mbili yake. Ukikimbilia mjini unakuta milango imefungwa, kanisani hakuna wa kukutibu, na wafu ndio wanaozurura mitaani. Kukipambazuka watu wanatoka, lakini wengi wao wanasema uongo, na wengine wanatoa maelezo yasiyo na kichwa wala miguu. Halafu mwishoni kabisa, ukiingia ngome ya Dracula ukitegemea vita kuu, hukuti adui hata mmoja njiani. Vyumba vitupu, wewe na muziki, mpaka unamfikia mwenyewe.

Kitabu kilitoka mwaka 1990 katika mfululizo wa Worlds of Power wa shirika la Scholastic. Aliyebuni mfululizo ni Seth Godin, ambaye baadaye alijulikana zaidi kwa vitabu vya masoko; kwenye majalada alitumia jina F. X. Nine. Hiki cha Castlevania II kiliandikwa na Christopher Howell. Scholastic huwauzia watoto vitabu hadi ndani ya shule, na hapo ndipo lawama ya kwanza ya wasomaji inapoanzia: kwamba riwaya ya mnyonya damu imetolewa meno ili isiwaudhi walimu na wazazi.

Kwamba mfululizo ule ulipunguzwa ukali, hilo halina ubishi. Angalia jalada la Metal Gear, ndugu yake wa mfululizo huo huo: bastola iliyokuwa mkononi mwa shujaa kwenye picha ya gemu imefutwa, mkono umebaki umekunjwa haukushika kitu. Katika Ninja Gaiden, baba wa shujaa anayekufa kwenye gemu anabaki hai kitabuni. Na wachapishaji walikuwa na sababu ya kuogopa. Toleo la 2 la jarida la Nintendo Power, mwaka 1988, lilikuwa na Simon Belmont jaladani akiwa ameshika kichwa cha Dracula kilichokatwa, na wazazi walilalamika kwamba picha ile inawatisha watoto wao. Baada ya kelele zile, nani angempelekea mwalimu wa darasa la nne kitabu chenye damu inayochuruzika?

Lakini hebu tuirudie gemu. Damu iko wapi mle? Mfu anapigwa mjeledi, anageuka mwali wa moto, anapotea. Hofu ya Simon's Quest haikutegemea damu, kwa hiyo kuondoa damu hakukuipunguzia chochote. Ndiyo maana nasema lawama hii imekosea mlango.

Mlango wenyewe ni Tim Bradley. Huyu ni kijana wa Kimarekani anayeipenda gemu ya Castlevania, ambaye Simon anamchukua kutoka dunia yetu ili amsaidie. Wasomaji wakubwa wanamchukia. Wanachukia mizaha yake, chokoleti zake, na namna anavyosimama katikati ya hadithi ya mtu mwingine. Nawaelewa. Hata hivyo, kama mhariri, nataka waone kwanza ni shida gani ya kiufundi iliyomfanya mwandishi amhitaji kijana huyu, kwa sababu shida hiyo ni ya kweli na inamkabili kila anayegeuza gemu kuwa riwaya.

Chukua mfano mmoja, mwamba mrefu uitwao genge la Deborah. Kwenye gemu unafika mwisho wa njia, mbele yako mwamba mtupu. Dawa yake ni kuchagua fuwele nyekundu, kupiga magoti chini ya mwamba, na kungoja bila kufanya kitu mpaka kimbunga kije kikubebe. Kidokezo kimoja kilichomo kwenye gemu kinakuambia ulipige genge kwa kichwa litoboke, na ukikifuata hupati chochote. Wachezaji walijuaje? Waliambiwa na rafiki, walisoma jaridani, au walijaribu kila kitu mpaka kimoja kikafanya kazi. Maarifa yale yalikaa kichwani mwa mchezaji, Simon hakuwa nayo. Simon hajui kitu. Anakufa, anaanza upya, na anayekumbuka kosa lililopita ni aliyeshika pedi ya kuchezea.

Sasa iandike riwaya. Simon amefika gengeni. Kwa nini apige magoti? Ukimpa ndoto, ni hila. Ukimpa mzee wa kijiji mwenye hekima, umeiua sifa kubwa ya wanakijiji wale, ambayo ni kutoaminika. Ukimwacha abahatishe, msomaji hatakubali. Howell alimleta mchezaji mwenyewe ndani ya hadithi, na mimi nasema ni jibu lenye mantiki. Tena halikuwa geni: katuni ya Captain N ilianza kuonyeshwa Marekani mwaka 1989 ikiwa na kijana aliyevutwa ndani ya dunia ya gemu, na Simon Belmont alikuwamo.

Tatizo ni bei yake. Akishakuwapo mtu anayejua njia, Simon hayuko peke yake tena, na upweke ndio uliokuwa hofu yenyewe ya gemu ile. Usiku unaingia, lakini pembeni yake kuna mtu wa kuongea naye. Mji umefungwa, lakini mwenzake anajua pa kwenda. Laana inamla, na msomaji hasikii uzito wake kwa sababu mizaha haijakoma. Msomaji anayedai damu anasikia kwamba kuna kitu kimepungua, ila amekikosea jina.

Na wale waliokipenda utotoni? Siwadharau hata kidogo. Vitabu vya Worlds of Power vilichapwa na vidokezo vya kuchezea gemu, na mtoto aliyekwama gengeni wiki nzima alikuwa akisoma kitabu kinachomwelewa. Tim alikuwa yeye. Kwa mara ya kwanza kitabu kilimwambia kwamba saa alizokaa mbele ya skrini zimempa ujuzi ambao shujaa anauhitaji. Furaha hiyo ni halali, na mtu mzima anayekifungua leo hawezi kuipata tena.

Kama muswada ule ungepita mezani kwangu, Tim nisingemfuta. Ningemwomba mwandishi aache ujuzi wa kijana uishe njiani. Sehemu ya kwanza awe sahihi kila mara, Simon amtegemee, msomaji atulie. Kisha mwanakijiji mmoja aseme jambo ambalo halimo kwenye gemu aliyoicheza, jua lizame kabla ya saa aliyoizoea, na kuanzia ukurasa huo Tim asijue kinachofuata kuliko Simon anavyojua.