Kabla hujaulizia i7, soma lebo ya pawasaplai

Swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: "Fundi, nikiweka i7 gemu zitacheza vizuri?" i7 ni prosesa ya Intel ya daraja la juu, na prosesa ndiyo ubongo wa mashine. Kabla sijajibu naomba mashine ifunguliwe ubavu. Prosesa siigusi kwanza. Nasoma lebo ya pawasaplai, lile boksi linalogawa umeme ndani ya mashine, kwa sababu hiyo ndiyo itakayoamua kadi gani ya grafiki, ile inayochora picha za gemu, inaweza kuishi humo ndani, na kadi ndiyo itakayoamua prosesa ya kiasi gani inatosha. Wengi huanzia mwisho wa mnyororo huu, pesa inaishia kwenye prosesa, na gemu inaendelea kukwamakwama vilevile.

Mashine nyingi zinazopita mikononi mwangu Kariakoo ni za mtumba, zilizomaliza kazi maofisini huko Ulaya: Dell OptiPlex, HP EliteDesk na ndugu zao. Sina ugomvi nazo. Zimeundwa imara, na kwa kijana mwenye bajeti ndogo ni mwanzo mzuri kuliko kununua kila kitu kipya. Shida ni kwamba aliyeziunda hakuwa na gemu kichwani. Chukua OptiPlex 9020 ya mwaka 2013, ile ya mnara. Pawasaplai yake ni ya wati 290, inaingia kwenye mazabodi (bodi kuu inayobeba vifaa vyote) kwa plagi ya pini 8 badala ya ile ya kawaida ya pini 24, na haina waya wa ziada wa kulisha kadi. Ile ndogo ya kulaza ina wati 255, na humo hata kimo cha kadi ni tatizo. Lazima utafute kadi fupi yenye bati lake fupi la nyuma.

Sasa, tundu la kadi kwenye mazabodi hutoa wati 75, basi. Kadi isiyo na waya wake wa umeme lazima itosheke na hizo. Kwa hiyo kwenye mashine ya aina hii orodha inakuwa fupi sana: GTX 1050 Ti, GTX 1650 zile zisizo na tundu la umeme (zipo zenye nalo, angalia vizuri), RX 6400, na RTX 3050 ya GB 6 iliyotoka 2024, ambayo hula wati 70. Hiyo ya mwisho ndiyo yenye nguvu kuliko zote hapo, na bei yake inajua hivyo.

RX 6400 inahitaji tahadhari. Ni ya kisasa kuliko GTX 1650, inakula wati 53 tu, na wauzaji wanaipenda. Lakini inaongea na mazabodi kupitia njia 4 tu za PCIe, yaani barabara za data za lile tundu la kadi. Kwenye mazabodi mpya yenye PCIe 4.0 njia hizo zinatosha. Kwenye OptiPlex ya 2013, yenye PCIe 3.0, kila njia inapitisha nusu ya mzigo, na kwa kuwa kadi ina GB 4 za kumbukumbu tu, gemu nzito ikizijaza data inaanza kupishana kwenye kichochoro hicho. Hapo ndipo picha inaganda nusu sekunde kila unapokata kona. Kwa mashine ya zamani mimi nachukua GTX 1650 bila kufikiri mara mbili.

Turudi kwenye i7. Kila fremu, yaani kila picha moja unayoiona kwenye kioo, imepita mikono miwili. Prosesa inahesabu adui yuko wapi, risasi imegonga nini, gari linaelekea upande gani, kisha inaikabidhi kadi orodha ya vitu vya kuchora. Kadi inachora, inapaka rangi, inaweka vivuli. Ni mkata vitambaa na mshonaji: mshonaji hata awe na mkono mwepesi vipi, kitambaa kisipokatwa atakaa. Swali ni nani kati yao anamchelewesha mwenzake kwenye mashine yako, kwa gemu yako. Hilo halitaki kubahatisha, linapimika.

Pakua MSI Afterburner, iweke ionyeshe matumizi ya kadi kwenye kona ya kioo wakati unacheza, na uondoe kikomo chochote cha fremu. Kadi ikiwa juu ya asilimia 95 muda wote, ndiyo inayolemewa. Prosesa mpya haitakuongezea kitu. Ikizunguka asilimia 50 au 60, inangoja prosesa. Kuhakikisha, shusha resolusheni kutoka 1920×1080 hadi 1280×720. Fremu zikiruka juu, umeshajua ni kadi. Zikibaki palepale, ni prosesa. Ila usidanganywe na asilimia ya jumla ya prosesa pale kwenye Task Manager: inaweza kusoma 40 huku kiini kimoja (prosesa moja huwa na viini kadhaa vya kufanya kazi) kimeelemewa kabisa na vingine vimekaa tu, maana gemu nyingi bado hupenda kumpa kiini kimoja kazi kubwa.

Gemu zenyewe hazifanani. Counter-Strike 2 na Valorant zinamla prosesa. Kadi ya kawaida inazitosha. Cyberpunk 2077 inaikaba kadi. GTA V iko katikati, ukiingia mjini kati magari na watu wakiongezeka prosesa dhaifu inaanza kuhema. Kwa hiyo mtu akiniambia "nataka mashine ya gemu", simjibu mpaka anitajie gemu.

Tuseme kipimo kimeonyesha prosesa kweli. Kwenye OptiPlex 9020 yenye i5-4590, yaani viini 4 na nyuzi 4 (nyuzi ni foleni za kazi ambazo viini vinaweza kuzishika kwa pamoja), kupanda hadi i7-4770 yenye viini 4 na nyuzi 8 kunasaidia. Fremu za juu haziongezeki sana, lakini kule kuganda kunapungua, kwa sababu gemu za sasa zina kazi nyingi za pembeni na nyuzi 4 zinajaa haraka. Ni soketi ileile (tundu linalopokea prosesa), LGA 1150, RAM ileile ya DDR3, unabadilisha na kupaka pasta mpya, umemaliza. Ukiipata ya mtumba kwa bei ya kirafiki, sawa. Zaidi ya hapo usiweke pesa kwenye soketi hiyo, kwa sababu hakuna ngazi nyingine ya maana mbele yako.

Na tafadhali, jina i7 lisikulevye. Namba inayofuata ndiyo inayosema ukweli, maana mwanzo wake ndio kizazi cha prosesa. i3-12100 ya mwaka 2022, yenye viini 4 na nyuzi 8, inaipita i7-4770 kwa mbali ingawa hesabu ya viini na nyuzi ni ileile, kwa kuwa kila kiini kinafanya kazi kubwa zaidi kwa mpigo mmoja. Nimewahi kuona mtu akikataa i3 ya kizazi cha 12 na kuondoka na i7 ya kizazi cha pili, amefurahi.

Kuna sababu nyingine ya kutazama kizazi. Windows 10 iliacha kuhudumiwa tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inakubali rasmi kuanzia kizazi cha 8. Ujanja wa kuisakinisha kwenye mashine za zamani upo, wote tunaujua, lakini Valorant ikikutana na Windows 11 inadai TPM 2.0 (sehemu ya usalama ndani ya mashine) na Secure Boot (ukaguzi wa usalama wakati wa kuwaka), na hapo ujanja unaishia mlangoni. Kama bado hujanunua mashine ya mtumba, ongeza kidogo uchukue yenye i5-8500: viini 6, RAM ya DDR4, na mlango wa Windows 11 uko wazi.

Kwa anayejenga upya, mimi bado nasimama na soketi ya AM4 ya AMD, mshindani wa Intel, na prosesa yake Ryzen 5 5600. Viini 6, nyuzi 12, wati 65, na feni yake inakuja nayo kwenye boksi. Mazabodi ya B450 au B550 inatosha kabisa. Lakini B450 ikiwa imekaa kabatini siku nyingi, BIOS yake (programu ndogo inayoiamsha) haitaitambua prosesa hiyo. Utawasha, feni zitazunguka, kioo kitabaki cheusi, na utadhani umeuziwa kitu kibovu. Mwambie muuzaji asasishe BIOS kabla hujalipa. Pia soma herufi na namba hadi mwisho. Ryzen 5 5500 na 5600G zina kashe (kumbukumbu ya haraka iliyo ndani ya prosesa) ya MB 16, wakati 5600 ina MB 32, na kwenye gemu tofauti hiyo inaonekana. 5600G inafaa kwa mtu mmoja tu: ambaye leo hana pesa ya kadi, kwa kuwa ina grafiki ndani yake na itacheza Valorant na GTA V kwa mipangilio ya chini. Huyo lazima aweke RAM mbili za GB 8, asiweke moja ya GB 16. Grafiki ya ndani inaazima RAM ya mashine, na DDR4 ya 3200 ikiwa moja inapitisha GB 25.6 kwa sekunde, zikiwa mbili 51.2.

Upande wa Intel, i3-12100F juu ya mazabodi ya H610 ni chaguo la heshima, ukijua kwamba herufi F ina maana haina grafiki ndani na bila kadi hutaona picha. Hakikisha mazabodi ni ya DDR4, kwa sababu za soketi hiyo zipo pia za DDR5. Tangu mwishoni mwa 2025 bei ya RAM imepanda vibaya, vituo vikubwa vya data vya akili bandia vinazigombania, kwa hiyo DDR4 ulizonazo tayari ni mali. Usiziache kwa kutamani AM5, soketi mpya ya AMD inayotaka DDR5.

Kadi ya kuandamana na 5600 ni RX 6600 ya GB 8. Inakula wati 132, na ukijumlisha na prosesa na vingine vyote hufiki wati 300. Pawasaplai nzuri ya wati 450 au 500 inatosha. Neno ni "nzuri". Zile nyepesi zinazokuja bure ndani ya kasha zimeandikwa 500 kwa herufi kubwa, lakini soma mstari wa +12V. Ukikuta ampia 18, zidisha kwa 12: wati 216. Hizo ndizo ulizo nazo kweli kwa kadi na prosesa, na kwa hali ya umeme wetu, unaoshuka jioni na kurudi kwa kishindo, hapo si mahali pa kubana matumizi. UPS, lile boksi la betri la kushikilia mashine umeme ukikatika, nayo iingie kwenye bajeti tangu mwanzo. SSD, diski ya kasi, sina la kuongeza, weka.

Ukinunua kadi ya mtumba, ijaribiwe mbele yako. Kuna kadi za kizamani zilizobadilishwa BIOS zijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Windows inaamini, ila programu ya GPU-Z inaziwekea neno FAKE mbele ya jina. Baada ya hapo ichezeshwe gemu dakika 20, usikilize feni na utazame joto. Kisha igeuze uangalie matundu ya nyuma. Vioo vingi vya mtumba vina VGA tu, lile tundu la picha la zamani, na hakuna hata moja kati ya kadi nilizozitaja inayotoa VGA. Nunua adapta ya HDMI kwenda VGA hapohapo, au bora zaidi, tenga pesa ya kioo chenye HDMI.