Je, wajua kwa nini kikombe cha chai huacha duara jeupe mezani?

Nyanyua kitambaa cha kufuma kwenye meza ya zamani hapa Arusha, mara nyingi utakuta duara jeupe, saizi ya kitako cha kikombe. Watu husema mbao imeungua. Haijaungua.

Kilichoumia ni vanishi. Joto limeilainisha, unyevu ukapenya na kuacha vitundu vidogo mno vinavyotawanya mwanga, kama povu la sabuni linavyoonekana jeupe ilhali maji yake hayana rangi. Duara likiwa jeusi, hapo maji yameshafika kwenye mti wenyewe. Hiyo ni kazi ya msasa.

Meza nyingi za kale zilipakwa shelaki, gundi asilia inayotolewa na wadudu wadogo wa India na Thailand. Inang'aa vizuri ajabu, ila huanza kulainika kwenye nyuzi 75 hivi. Arusha iko takriban mita 1,400 juu ya bahari, kwa hiyo maji yetu huchemka kwenye nyuzi 95 badala ya 100. Usifurahi mapema: sufuria iliyotoka jikoni bado inaishinda shelaki.

Kabla hujachagua vanishi mpya, jua ya zamani ni ipi. Dondosha tone la spiriti chini ya meza, pasipoonekana. Pakinata, ni shelaki. Pasiponata, jaribu tina, kile kiyeyusho cha rangi (thinner). Pakiyeyuka, ni lakeri, ile vanishi ya nitroselulosi ambayo mafundi huiita NC. Vyote viwili visipofanya kitu, huenda ni poliyurethini, vanishi ya jamii ya plastiki, ambayo ikishakomaa chembe zake zimeshikana moja kwa moja na haziyeyuki tena.

Na hapo ndipo penye uamuzi. Kinachoyeyuka kinaumia upesi, lakini kinatengenezeka upesi vilevile: koti jipya la NC huyeyusha kidogo la chini yake, yakawa kitu kimoja. Poliyurethini huvumilia chai, mchuzi na watoto, ila ikichubuka, kiraka hakijifichi. Inabidi upige msasa eneo zima.

Mimi meza yangu ya mninga niliitaka NC kwa sababu inakauka haraka. Ilikuwa Aprili, mvua za masika, asubuhi ina ukungu. Fundi alisema tusubiri jua, nikamharakisha. Ndani ya dakika chache meza nzima ilikuwa nyeupe kama imepakwa maziwa. Tina ikiruka kwa kasi hupoza uso wa meza, na unyevu wa hewani hutua palepale, kama kwenye chupa ya soda baridi. Wiki iliyofuata, siku kavu, alipuliza tina nyepesi juu yake, weupe ukaondoka. Hakusema neno, alinitazama tu.

Kwa meza ya kulia chakula sasa nachagua poliyurethini ya mafuta. Umanjano wake unaipendeza mninga, na makoti matatu membamba yanatosha. Pakeni na upande wa chini pia, la sivyo unyevu utaingia zaidi upande mmoja na ubao unaweza kupinda.

Shida yake ni subira. Kesho yake ukiigusa utaona imekauka, lakini kukomaa kabisa huchukua wiki kadhaa. Kitambaa cha kufuma kikirudishwa mapema, kitachapa nakshi zake zote mezani, ua kwa ua.